Vitu Vinururifu na Mahali Tunapokutana Navyo: Mifano ya Kisiwa cha Mafia

Neno mionzi limekwisha kuwa neno la kila siku. Husikika hospitalini, husomwa katika hati za vyakula vitokavyo ng'ambo, na hutajwa katika mabishano juu ya simu na minara yake. Mtu angetazamia kuwa maana yake imekwisha kuwa wazi. Kwa hakika mambo ni kinyume. Kadiri neno lilivyoenea ndivyo lilivyobeba maana nyingi zisizofanana, hata mgonjwa aambiwaye kwamba atatibiwa kwa mionzi huchelea kurudi nyumbani asije akawadhuru wanawe, ilhali mtoto aokotaye kipande cha chuma kizito asichokijua hana analolichelea. Hofu imekaa mahali pasipo hatari, na hatari imekaa mahali pasipo hofu.

Katika makala hii nimekusudia kueleza vitu vinururifu vipatikanavyo kwa kawaida, na mahali mtu anapoweza kukutana navyo. Mifano mingi nimeichukua katika kisiwa cha Mafia na pwani inayokielekea, kwa sababu kisiwa hicho hakina kinu cha nishati ya atomi wala mgodi wa urani. Ikiwa vitu hivi vyapatikana huko, basi vyapatikana kila mahali. Mwandishi si mwanafizikia. Kazi yake ni lugha, na mambo ya sayansi yatakayoelezwa hapa ni yale yaliyokwisha thibitika kwa wenye elimu hiyo. Lakini nusu ya tatizo letu ni la maneno, na nusu hiyo yatuhusu sisi.

Maana ya maneno

Mwonzi, kwa matumizi ya asili, ni mstari wa nuru, kama ule uonekanao asubuhi jua lipenyapo katika tundu la paa la makuti. Sayansi imeliazima neno hili na kulipa kazi kubwa zaidi, ikaita mionzi nishati yote isafiriyo kutoka katika chanzo chake. Kwa maana hiyo pana, nuru ya taa, joto la jiko na mawimbi ya redio na simu yote ni mionzi. Lakini hiyo haina nguvu ya kuzivunjavunja atomi. Mionzi tutakayoizungumza ni ile yenye nguvu ya kung'oa elektroni katika atomi, na hivyo kuweza kudhuru chembe hai za mwili.

Kitu kinururifu ni kitu ambacho baadhi ya atomi zake hazijatulia. Kiini cha atomi ya namna hiyo, wakati wake ufikapo, hugeuka chenyewe, kikatoa mionzi na kuwa kiini cha kitu kingine au cha namna nyingine. Moto hauwezi kuharakisha jambo hili, wala baridi, wala tindikali. Henri Becquerel wa Ufaransa aliligundua mwaka wa 1896 kwa chumvi ya urani, na mwaka wa 1898 Marie Curie na mumewe Pierre wakagundua poloniamu na radiamu.

Mionzi hiyo ni ya aina tatu kubwa. Alfa ni mizito na haiendi mbali. Karatasi moja huizuia, na ngozi ya mwili pia, lakini ikitolewa na kitu kilichokwisha kuingia mwilini kwa kuvuta pumzi au kwa kula, hudhuru sana. Beta hupenya zaidi, na bamba jembamba la alumini laweza kuizuia. Gama hupenya mwili wote, na kuipunguza kwahitaji risasi nene au ukuta wa zege.

Jambo la nne la kulifahamu ni nusu-uhai, yaani muda ambao nusu ya atomi nururifu hugeuka. Tuseme ghalani mna nazi elfu moja, na kila mwezi nusu ya nazi zilizosalia huchipua. Baada ya mwezi mmoja zitasalia mia tano, baada ya miwili mia mbili na hamsini, na baada ya mitatu mia moja na ishirini na tano. Hapana awezaye kuonyesha kidole nazi itakayochipua kesho, lakini hesabu ya zitakazochipua yajulikana. Kwa vitu vingine mwezi huo ni siku nane, kama kwa iodini-131. Kwa vingine ni miaka bilioni 4.5, kama kwa urani-238.

Wingi wa kugeuka huku hupimwa kwa bekereli, na bekereli moja ni atomi moja kugeuka katika sekunde moja. Kipimo hiki ni kidogo mno, na ndiyo sababu tarakimu zake hutisha. Athari kwa mwili hupimwa kwa kipimo kingine, milisiveti. Wastani wa binadamu duniani hupata milisiveti 2.4 hivi kwa mwaka kutokana na vitu vya asili peke yake.

Vitu vya asili

Tuanze na dafu. Maji yake yana potasiamu kwa wingi, na potasiamu yote duniani, popote itokapo, imechanganyika na kiasi kidogo cha potasiamu-40 ambayo ni nururifu. Gramu moja ya potasiamu hutoa bekereli 31 hivi. Basi dafu moja laweza kuwa na bekereli kumi na tano hadi thelathini, na ndizi moja kama kumi na tatu. Maharage, mihogo na samaki wanayo vilevile. Mwili wa mtu mzima una bekereli zaidi ya elfu nne za potasiamu-40 wakati wote, na huwezi kuziongeza kwa kunywa madafu, kwa kuwa mwili hutoa potasiamu uliyozidisha. Aogopaye kila kitu kinururifu, itampasa ajiogope mwenyewe kwanza.

Baada ya dafu, tutazame bahari. Lita elfu moja za maji ya bahari zina miligramu tatu hivi za urani iliyoyeyuka. Matumbawe, yajengapo mawe yake, huingiza urani hiyo ndani, kiasi cha gramu tatu katika tani moja ya jiwe. Kwa hiyo matumbawe ya Ghuba ya Chole, na mawe ya kale yaliyojengewa nyumba za Kua katika kisiwa cha Juani, yote yana urani. Ni kidogo, na haimdhuru aishiye ndani yake. Mawe ya matale ya bara kwa kawaida huwa na urani na thoriamu nyingi zaidi. Lakini kwa wataalamu urani hiyo ni saa: kwa kupima ni kiasi gani kimekwisha kugeuka kuwa thoriamu-230, wao hujua umri wa tumbawe hata likiwa la miaka laki kadhaa.

Saa ya pili ni kaboni-14, ambayo huzaliwa angani kila siku kwa mionzi itokayo nje ya dunia, ikaingia katika miti, katika wanyama, na katika sisi. Kiumbe afapo huacha kuipokea, na iliyomo hupungua kwa nusu kila miaka 5,730. Willard Libby wa Marekani alionyesha mwaka wa 1949 kuwa twaweza kuitumia kujua umri wa mabaki ya kale, naye akapewa tuzo ya Nobel mwaka wa 1960. Huko Juani wanaakiolojia wamefukua makaa na mbegu zilizoungua, na kupima kaboni yake kumeonyesha kuwa watu walikwisha kuishi kisiwani katikati ya milenia ya kwanza baada ya Kristo, karne nyingi kabla ya kusitawi kwa mji wa Kua. Sehemu hiyo ya historia ya Waswahili haikuandikwa na mtu yeyote; imesomwa katika kitu kinururifu.

Samaki nao wana poloniamu-210, itokanayo na urani ya asili. Hukusanyika zaidi katika matumbo na maini kuliko katika minofu, na ndiyo sababu dagaa, ambao huliwa wazima, pamoja na chaza na kome, huwa nayo zaidi kuliko nguru aliyepasuliwa. Hakuna sababu ya kuacha dagaa kwa ajili hiyo. Watu wa pwani wamewala tangu zamani, na faida yake ni kubwa kuliko dozi hiyo ndogo. Afadhali aachwe mwenzake poloniamu aliye katika tumbaku, ambaye huvutwa moja kwa moja hadi mapafuni pamoja na sumu nyingine za moshi.

Katika ardhi, urani na thoriamu hazikugawanywa sawasawa. Kilima cha Mrima, katika Kaunti ya Kwale nchini Kenya, kinajulikana kwa thoriamu nyingi. Miamba ya fosfati ya Minjingu, karibu na Ziwa Manyara, ambayo husagwa kuwa mbolea, ina urani kuliko ardhi ya kawaida. Apasaye kujihadhari zaidi na vumbi lake ni mchimbaji na msagaji kuliko mkulima. Na kila palipo na urani hutoka radoni, hewa isiyo na rangi wala harufu, ambayo hukusanyika katika nyumba zilizofungwa na kuleta saratani ya mapafu kwa wanaoivuta miaka mingi. Katika nchi za baridi hilo ni jambo zito. Nyumba ya makuti ipitishayo upepo wa kusi na wa kaskazi hailimbikizi radoni kwa urahisi.

Vitu vilivyoletwa na kazi za watu

Kabla ya taa za betri kuenea, dagaa wa usiku walivuliwa kwa nuru ya karabai. Kile kifuko cheupe cha nyuzi, kifungwacho kinywani mwa taa hiyo kikatoa nuru kali, kwa miaka mingi kilitiwa thoriamu, nayo ni nururifu. Watengenezaji wengi wamekwisha kuiacha, lakini vifuko vya zamani bado viko katika maduka na masanduku. Kikiwa kizima hakina neno. Lakini kikichakaa huwa majivu mepesi, na majivu hayo hayafai kupulizwa wala kuachiwa watoto. Afutaye karabai na afute kwa kitambaa chenye maji, kisha anawe.

Saa za mkono na dira za zamani, zenye tarakimu zilizong'aa gizani pasipo kuanikwa juani kwanza, mara nyingi zilipakwa radiamu. Rangi yenyewe imekwisha kufifia, lakini radiamu iko palepale, kwa kuwa nusu-uhai yake ni miaka 1,600. Mwenye saa hiyo asiifungue kioo. Katika mahoteli, baadhi ya vile vidude vya darini vitambuavyo moshi vina chembe ya amerikiamu-241. Havimdhuru alalaye chini yake, bali havifai kuvunjwa wala kuchomwa motoni.

Hospitalini yapasa kutofautisha mambo mawili. Mashine ya eksirei haina kitu kinururifu ndani yake. Ikizimwa, mionzi imekwisha, kama nuru iishavyo taa izimwapo. Kobalti-60 ni jambo jingine, kwani hutoa gama usiku na mchana, na mashine yake hufunika na kufunua tu. Taasisi ya Saratani Ocean Road ya Dar es Salaam, ambayo huwapokea wagonjwa kutoka Mafia na kote nchini, imewatibu watu wengi kwa kobalti kabla ya kuongezewa mashine mpya zisizoitumia.

Vitu hivi vimefanya kazi hata katika mifugo. Kati ya mwaka wa 1994 na 1997 ndorobo madume waliofugwa Tanga waligongwa kwa mionzi hadi wakawa tasa, kisha wakaachiliwa Unguja kwa mamilioni. Wakapandana na majike ya mwituni pasipo kuzaa, na ndorobo wakatoweka katika kisiwa kile. Ndorobo wale hawakuwa vinururifu: walipigwa na mionzi, hawakubeba kitu.

Tena kuna vyanzo vya viwandani. Wachimbao visima vya mafuta na gesi huteremsha vyombo vyenye sesiamu-137 au amerikiamu ili kujua aina ya miamba. Wakaguao maungio ya mabomba makubwa yaliyolehemiwa hutumia iridiamu-192, ambayo nusu-uhai yake ni siku 74. Utafutaji wa mafuta si mgeni Mafia, ambako kisima kirefu kilichimbwa katika miaka ya 1950. Na bomba la gesi kutoka Songo Songo, kisiwa kilicho kusini ya Mafia, limekuwa likipeleka gesi Dar es Salaam tangu mwaka wa 2004. Kazi za namna hii ndizo ambazo kwa kawaida huhitaji vyanzo hivyo.

Palipo hatari

Katika vitu vyote tulivyovitaja, vilivyo hatari ya kuua kwa haraka ni vichache: vile vyanzo vikali vya hospitali na viwanda vikiwa vimepotea au vimetupwa. Mwezi wa Septemba mwaka wa 1987, katika mji wa Goiânia nchini Brazil, watu wawili waliingia katika hospitali iliyohamwa wakachukua sehemu ya mashine ya tiba na kuiuza kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Ndani yake mlikuwa na unga wa sesiamu-137 uliotoa mwanga wa buluu gizani. Watu waliuona kuwa kitu cha ajabu na kizuri. Waliwagawia jamaa na marafiki, na wengine wakajipaka. Wanne walikufa, mmoja wao mtoto wa kike wa miaka sita. Katika watu 112,000 hivi waliopimwa, 249 walionekana wamechafuka. Mwaka wa 2000, huko Mit Halfa nchini Misri, mkulima mmoja aliokota chanzo cha iridiamu kilichotumika kukagua mabomba, akakiweka nyumbani kwake kwa kudhani kuwa ni madini ya thamani. Yeye na mwanawe walikufa.

Tofauti ya misiba hii miwili ni somo lenyewe. Aotaye moto wa makumbi hupata joto, na akiondoka joto hukaa nyuma. Lakini abebaye kaa katika nguo huondoka na moto na kuupeleka kwa jirani. Watu wa Mit Halfa walikaa karibu na moto usioonekana. Miili yao iliungua, lakini hawakuwa hatari kwa waliowauguza. Watu wa Goiânia walibeba makaa, yaani unga wenyewe, katika mikono, nguo na chakula. Mgonjwa atibiwaye kwa kobalti ni mwenye kuota moto kwa kipimo cha daktari. Arudipo nyumbani hana kaa hata moja, na yafaa apokewe, apakatwe na wanawe, ale nao sahani moja. Anywaye iodini-131 kwa ugonjwa wa tezi ndiye hubeba kaa kwa siku chache, na daktari humweleza namna ya kujitenga.

Biashara ya vyuma chakavu imefika visiwani kama ilivyofika bara, na waokotao mara nyingi ni vijana na watoto. Kwa hiyo alama ya mabawa matatu meusi juu ya rangi ya manjano haina budi kujulikana na kila mmoja wao, pamoja na ile alama nyekundu iliyotangazwa mwaka wa 2007, yenye fuvu na mtu akimbiaye. Alama huweza kufutika. Basi kijulikane pia kile chombo kidogo kilicho kizito kupita ukubwa wake, kwa kuwa kimekingwa kwa risasi. Akionaye asikiguse, asikae karibu, awazuie wengine, na apeleke habari kwa ofisi ya kijiji au polisi, ili ifike kwa Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, iliyoundwa kwa Sheria Namba 7 ya mwaka 2003.

Wajibu wa lugha

Huonekana sasa kwa nini neno moja halitoshi. Tukisema "mionzi" kwa kitu, kwa nishati itokayo katika kitu hicho, na kwa uchafu wake ulioshika mwilini, tumewanyima watu njia ya kutofautisha kuota moto na kubeba kaa. Yafaa mionzi libaki kuwa jina la nishati peke yake. Kitu chenyewe kiitwe kinururifu, neno ambalo kamusi zetu zimekwisha kulipokea. Na kitu hicho kikimwagika pasipotakiwa, tuseme uchafuzi, wala si "kupigwa na mionzi".

Neno nururifu lenyewe lina kasoro moja: limetokana na nuru, na msikilizaji hudhani kuwa kitu hicho lazima king'ae. Vingi having'ai kabisa. Potasiamu ya dafu haing'ai, wala kobalti ndani ya chombo chake. Lakini neno lililokwisha kukubalika halitupwi kwa kasoro ya asili yake. Dawa yake ni maelezo, na maelezo hayo ni kazi ya mwalimu darasani na mtangazaji redioni.

Haja ya maelezo hayo yazidi kukaribia. Urani ya Mto Mkuju, katika Wilaya ya Namtumbo, imekwisha kupimwa na kutengenezewa mipango ya uchimbaji. Maji ya upande huo huteremkia Luwegu, na Luwegu ni mmoja wa mito iungayo Rufiji, ambao midomo yake yaelekea Mafia. Umbali ni mkubwa, wala sisemi kuwa madhara yamefika. Lakini penye mgodi wa urani maji hayana budi kupimwa kabla ya kazi, wakati wa kazi na baada yake, na matokeo ya vipimo hayo yataandikwa kwa bekereli na milisiveti. Mvuvi wa Jibondo au wa Kilindoni atakaposomewa kwamba katika maji yake mna urani, yampasa awe anajua kwamba ilikuwamo tangu awali, ili aulize swali lililo na maana: je, imezidi ile ya jana, na kwa kiasi gani? Asiyejua atakimbia pasipo sababu, au atanyamaza palipo na sababu, na yote mawili ni hasara yake.

Mpaka siku hiyo, ningependa kila shule na kila bandari ndogo ya pwani yetu ipate bango la maneno machache, yaliyoandikwa kwa Kiswahili ambacho mtoto wa darasa la tatu aweza kukisoma: Ukiona chombo kidogo kizito chenye alama hii, usikiguse. Ondoka. Mwite mtu mzima. Si chuma cha kuuza.